Kufundisha nadharia mbalimbali za maadili katika kozi za kompyuta na TEHAMA: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wahadhiri na wakufunzi wanaofundisha, au wanaotakiwa kuanza kufundisha, somo la maadili kwa wanafunzi wa sayansi ya kompyuta, uhandisi wa programu na mifumo ya habari. Tumechukulia muhula wa wiki 14, mhadhara wa saa 2 na semina ya saa 1 kila wiki. Aliye na muda pungufu ataona mahali pa kukata.

Chuo chetu kinafundisha kanuni za maadili za taaluma. Nadharia za nini tena?

Kanuni humwambia mtaalamu la kufanya. Zinapogongana humwacha njia panda. Chukua kanuni za ACM, jumuiya ya kimataifa ya wanakompyuta, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 1972, zikaandikwa upya 1992 na tena 2018. Kifungu cha 1.2 kinadai mtaalamu aepushe madhara. Kifungu cha 1.7 kinadai atunze siri alizokabidhiwa. Sasa msimamizi wa mfumo wa hospitali anagundua kwamba programu huchanganya vipimo vya dawa mara chache sana, na mwajiri amemwambia marekebisho yatafanyika baada ya miezi mitatu, anyamaze kwa sasa. Kifungu cha 1.7 kina upenyo wake, yaani zipo hali zinazoruhusu siri ifichuliwe, lakini nani apime kama hapa ndipo upenyo ulipo, na apime kwa kigezo gani? Dibaji ya kanuni hizo za 2018 yenyewe inakiri kwamba kanuni si algoriti ya kutatua matatizo ya kimaadili.

Kuna sababu ya pili. Mwaka 1985 mwanafalsafa James Moor alieleza kwamba kompyuta huwapa watu uwezo wa kutenda mambo ambayo hakuna kanuni iliyoyawazia, na hivyo kuacha ombwe la sera. Atakayeajiriwa mwaka kesho atakutana na ombwe ambalo mwalimu wake hakuliota. Kukariri kifungu hakutamsaidia hapo.

Tufundishe nadharia ngapi?

Tano kwa muhula mzima. Tatu kama una saa sita tu. Kozi inayopitisha nadharia tisa au kumi ni gwaride: kila moja inapita mbele ya jukwaa, inapiga saluti, inasahaulika.

Tano tunazopendekeza ni hizi. Utu. Nadharia ya matokeo, yaani ya Jeremy Bentham na John Stuart Mill. Nadharia ya wajibu ya Immanuel Kant. Nadharia ya haki ya John Rawls, hasa lile pazia la kutojua, yaani kupanga kanuni kabla hujajua wewe utakuwa nani katika jamii. Na nadharia ya hulka njema inayotoka kwa Aristotle. Kwenye saa sita, baki na utu, matokeo na wajibu. Maadili ya kujali, ambayo Carol Gilligan aliyaweka mezani mwaka 1982, yanaingia vizuri ndani ya wiki za utu kwa sababu yote mawili yanaanzia kwenye uhusiano wa watu, si kwa mtu aliye peke yake. Wanafunzi wenyewe watazigundua tofauti zake.

Kwa nini utu uje mwanzoni? Vitabu vingi huanza na Bentham.

Kwa sababu nafasi ya wiki ina maana yake. Mtaala ukiweka utu wiki ya 12, kati ya marudio na mtihani, mwanafunzi anasoma ujumbe ambao mwalimu hakuutamka: falsafa halisi imeshapita, hili ni pambo la nyumbani. Ataandika aya moja yenye methali mbili na kuendelea.

Ipo pia sababu ya kazi tu. Wanafunzi wa Afrika Mashariki tayari wana hisia kali kuhusu utu, na ni rahisi kuwafundisha kuzichambua hisia walizonazo kuliko kuwapa kwanza fikra ngeni ndipo wajifunze kuchambua. Wakishajua kuuliza utu maswali magumu, watayauliza na kwa Mill.

Mpangilio unaofanya kazi: wiki 1 na 2 ni kesi na maneno, wiki 3 na 4 ni utu, 5 na 6 matokeo, 7 jaribio, 8 na 9 wajibu, 10 pazia la kutojua, 11 hulka, 12 na 13 miradi, 14 mahojiano ya ana kwa ana.

Maneno gani ya Kiswahili huleta mkanganyiko?

Hapa ndipo kozi nyingi huvuja, na huvuja kimyakimya, maana kila mtu anadhani anaelewana na mwenzake.

La kwanza ni neno lenyewe, *maadili*. Kwa wanafunzi wengi, maadili ni mavazi, adabu kwa wakubwa na sheria ndogo za bweni. Ukitangaza somo la maadili, nusu ya darasa inasubiri kuambiwa wasivae nguo fupi. Tumia nusu saa ya kwanza kutenganisha mambo mawili: maadili kama mwenendo unaotakiwa, na maadili kama uchunguzi wa sababu zinazofanya tendo liwe jema au baya. Waandike mfano mmoja wa kila aina.

La pili ni *haki*. Neno moja linabeba kile anachostahili mtu mmoja, kama haki ya faragha, na mgawanyo ulio sawa katika jamii. Rawls anazungumzia hili la pili. Mwanafunzi asiyeambiwa hivyo ataandika kurasa tatu za haki za binadamu na kuamini amejibu swali la Rawls. Sema "haki ya mtu" kwa la kwanza na "mgawanyo wa haki" kwa la pili, na ushikilie hapo muhula mzima.

La tatu ni *wajibu*, ambalo masikioni linakaa karibu mno na sheria. Matokeo yake Kant anageuzwa kuwa askari: "Kant anasema tufuate sheria." Hasemi hivyo. Kwake wajibu hutoka katika akili ya mtendaji mwenyewe anapojiuliza kama angeridhia kila mtu aifuate kanuni anayoifuata yeye, na kama anamtumia mwenzake kama chombo tu.

La nne ni *utu*. Usilibadilishe na "ubuntu" bila sababu. Mbali na kwamba neno la Kiswahili lipo, darasa la kompyuta likisikia Ubuntu linawaza mfumo endeshi uliotoka Oktoba 2004, na utapoteza dakika kumi kwa vicheko. Ubinadamu nao si badala kamili: mtu anazaliwa na ubinadamu, lakini tunasema bila kusita kwamba fulani hana utu.

Nadharia inatumikaje kwenye kesi? Mfano kamili tafadhali.

Tuchukue programu ya mikopo ya simu. Mkopaji akiisakinisha, inaomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina na namba zake zote. Akichelewa kulipa, wakusanya madeni wanawapigia simu mama yake, bosi wake, mchungaji wake. Si kisa cha kubuni: Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya ilimtoza mtoa mikopo mmoja wa kidijitali faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu bila idhini yao na kuwatumia ujumbe na simu za vitisho.

Kosa la kawaida ni kuuliza, "Kila nadharia inatoa hukumu gani?" Mwanafunzi anajaza jedwali: Bentham anasema ndiyo, Kant anasema hapana, utu unasema hapana, jumla mbili kwa moja. Hiyo ni kura, si fikra. Swali linalozaa matunda ni hili: *nadharia hii inanilazimisha nitafute ukweli gani ambao bado sina?*

Anza na matokeo. Inalazimisha hesabu. Tuseme kuna wakopaji 10,000, kila mmoja ana namba 200 kwenye simu. Hizo ni rekodi 2,000,000 zilizochukuliwa, hata kama baadhi zinajirudia, na karibu zote ni za watu ambao hawakukopa. Tuseme asilimia 8 wanachelewa: watu 800. Kila mmoja akipigiwa jamaa watano, ni simu 4,000 za fedheha. Upande wa pili weka faida: madeni yanayorudi, na pengine riba inayoshuka kwa wakopaji wanaolipa kwa wakati. Wanafunzi hukosea mahali pamoja kila mara: wanahesabu kampuni na mkopaji, wanawasahau wale wenye namba. Dai makadirio matatu, la chini, la kati na la juu, kwa sababu kadirio moja hugeuka kuwa ukweli likishaandikwa.

Wajibu unauliza kuhusu idhini. Mkopaji alibonyeza "kubali". Je, anaweza kukubali kwa niaba ya shangazi yake? Shangazi anatumiwa kumbana mpwa, na hakuulizwa. Hapa mwanafunzi hujaribu kukwepa kwa kuandika kanuni finyu mno: "Kila mtoa mikopo mwenye kibali anayemdai mtu aliyechelewa siku 30 anaweza kupiga simu." Kanuni finyu kiasi hicho hupita mtihani wowote. Mrudishe aiandike kwa upana: "Mtu anaweza kutumia taarifa za asiyehusika ili kumbana anayehusika."

Utu ndio wenye utajiri zaidi hapa, na ndipo wanafunzi hutoa majibu mepesi zaidi. Jibu jepesi: kumfedhehesha mtu ni kukosa utu, basi. Lakini mtetezi wa kampuni ana hoja nzito. Atasema: dawa ya deni kulipa, na tangu zamani deni letu halikuwa la mtu mmoja, jamaa walidhamini, kampuni inafanya tu kile ambacho jamii imekifanya siku zote. Liache darasa lihangaike na hoja hiyo dakika kumi kabla ya kuleta VICOBA. Katika VICOBA au chama, wanachama wanakaa pamoja kila wiki, wanajuana, kila mmoja alikubali kwa kinywa chake kuwadhamini wenzake, na aliyekwama anaweza kusimama kueleza kwamba mtoto aliugua. Shinikizo linatembea na usaidizi. Programu imechukua shinikizo, ikaacha kikao, maelezo na msamaha. Imeazima nguvu ya jamii bila kuwa sehemu ya jamii. Mwanafunzi akifika hapo amefanya falsafa, na ameona jambo ambalo hesabu ya simu 4,000 haikumwonyesha.

Pazia la kutojua lifanywe kwa kadi, si kwa maelezo. Andika kadi sita: mkopaji aliyechelewa, mkopaji anayelipa kwa wakati, mama wa mkopaji asiyejua kusoma, mwandishi wa programu, mkusanya madeni anayelipwa kwa kamisheni, mwanahisa. Kundi linaandika kanuni tatu za programu kwanza, *halafu* ndipo linachota kadi. Ukitoa kadi mapema zoezi limekufa, kwa sababu kila mtu atatetea kadi yake na huo utakuwa mjadala wa maslahi.

Hulka inamgeukia aliyeketi kwenye kibodi. Msimbo unaoomba ruhusa ile ni mistari michache. Kuandika mistari hiyo mara kwa mara bila kuuliza kunamzoesha mtu nini? Swali hili lipewe muda mfupi lakini lisirukwe.

Baada ya yote hayo ndipo uamuzi unakuja, na uwe wa kiufundi: programu isiombe orodha ya majina kabisa, mkopaji ataje wadhamini wawili, kila mdhamini apate ujumbe na ajibu ndiyo au hapana kabla ya mkopo kutoka, namba yake ifutwe deni likiisha. Uamuzi usiobadilisha chochote kwenye programu haujakamilika.

Utu si methali tu? Una hoja za kutosha kushindana na Kant?

Unazo, ila ufundishwe pamoja na mabishano yake. Mwaka 1969 John Mbiti wa Kenya aliandika kwamba mtu yupo kwa sababu wenzake wapo, na kauli hiyo imenukuliwa mpaka imechakaa. Mwaka 1984 Ifeanyi Menkiti wa Nigeria alikwenda mbali zaidi: mtu hazaliwi akiwa mtu kamili, hukamilishwa na jamii kadiri anavyotimiza majukumu yake. Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga kwamba hapo jamii imepewa kupita kiasi. Mtu ana akili na uwezo wa kuchagua hata dhidi ya jamii yake, na haki zake hazisubiri kibali cha wazee.

Waletee wanafunzi ugomvi huo katika kesi ya kompyuta. Mfanyakazi anafichua kwamba timu yake inaghushi takwimu za majaribio ya programu. Kwa Menkiti, je, amelisaliti kundi lililomlea? Kwa Gyekye? Hapo methali zinaisha na kazi inaanza. Nadharia ambayo haifundishwi pamoja na wapinzani wake haijaheshimiwa, imesifiwa tu.

Tuingizeje mafundisho ya dini bila kugeuza darasa kuwa mahubiri?

Katika darasa la Zanzibar, Lamu au Mombasa kuyaacha nje ni kujidanganya. Wanafunzi wanayatumia tayari, chini ya meza. Yaingize kama utaratibu wa kutoa hoja. Elimu ya maqasid, yaani malengo ya sheria ya Kiislamu, iliyopangwa na mwanazuoni al-Ghazali na kupanuliwa na al-Shatibi, inauliza kama jambo linalinda au linabomoa vitu vitano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Kwa mhandisi hiyo ni orodha ya ukaguzi inayotumika vizuri. Juu ya faragha, Sura ya 49 ya Kurani, aya ya 12, inakataza kupelelezana na kusengenyana, na Sura ya 24 aya ya 27 inataka mtu aombe ruhusa kabla ya kuingia nyumba isiyo yake. Mswahili huliita jambo hilo hodi. Programu inayosoma simu ya mtu imepiga hodi kwa nani?

Tahadhari moja kwa kesi ya mikopo: mjadala utaishia kwenye riba ndani ya dakika tatu na data haitaguswa. Sema mapema kwamba tunachukulia mkopo hauna riba, halafu uliza kama tatizo limekwisha. Halijakwisha. Sura ya 2 aya ya 280, inayotaka mdaiwa mwenye dhiki apewe muda, inarudisha mazungumzo mahali pake.

Mwalimu hatoi fatwa wala hasahihishi imani. Anasahihisha hoja. Mwanafunzi Mkristo anayetumia mfano wa Msamaria mwema anapimwa kwa kigezo kilekile: umeeleza nani ni jirani katika kesi hii, au umetaja kisa tu?

Wanafunzi wanasema "inategemea na mtu" na mjadala unakufa. Tufanyeje?

Ni tokeo la kufundisha nadharia nyingi bila kugonganisha. Dawa mbili. Kwanza, uliza *inategemea na nini*, na udai jambo linaloweza kuchunguzwa: umri wa mtumiaji, kama aliarifiwa, kama anaweza kujitoa. Pili, leta kesi ambayo hakuna atakayesema inategemea. Tunayoipenda ni Therac-25, mashine ya mionzi iliyotengenezwa Kanada. Kati ya 1985 na 1987 ilihusika katika ajali sita zinazojulikana huko Marekani na Kanada, wagonjwa wakipigwa mionzi mingi kupita kiasi, na baadhi walikufa. Mashine zilizotangulia zilikuwa na vizuizi vya vifaa vyenyewe. Hii iliachia usalama mikononi mwa programu. Mwendeshaji mwepesi wa vidole alipohariri maagizo haraka, sehemu mbili za programu zilipishana na miale ikatoka bila kinga. Hospitali zilipolalamika ziliambiwa kwamba jambo hilo haliwezekani. Mwanafunzi aliyesema kila kitu kinategemea atakuwa amekasirika, na hasira hiyo ni mahali pazuri pa kuanzia: eleza kwa nini umekasirika.

Nina wanafunzi 168. Semina inawezekana?

Makundi ya watu sita yanakuwa 28. Gawa mikondo minne ya semina, makundi saba kila mkondo. Dakika 60 zinakwenda hivi: 10 kusoma kesi, 20 kujadili, 21 kuwasilisha kwa dakika tatu kila kundi, 9 za mwalimu. Kesi isizidi ukurasa mmoja. Ya kurasa nne itasomwa na mtu mmoja kwa niaba ya wenzake watano.

Mwasilishaji ateuliwe kwa kura dakika ya 30, si mwanzoni. Akijulikana mapema, wengine wanashika simu. Usiruhusu pia makundi ya marafiki wa kozi moja tu. Changanya wanaosoma mifumo ya habari na wanaosoma uhandisi wa programu, kwa kuwa wa kwanza huona mtumiaji mapema na wa pili huona kinachowezekana.

Mimi ni mwalimu wa kanzidata. Sijasoma falsafa.

Huhitaji shahada ya falsafa ili kufundisha saa mbili ndani ya kozi yako. Harvard ilianza mwaka 2017 mpango wa kupachika moduli fupi za maadili ndani ya kozi za kawaida za kompyuta, moduli zikiandaliwa na wanafalsafa pamoja na walimu wa kozi. Chuo kisicho na idara ya falsafa kinaweza kumwomba mwalimu wa sheria, wa dini au wa sosholojia asome kesi yako kabla ya kuifundisha.

Kwenye kanzidata, wape jedwali la wanafunzi wa shule lenye safu za kabila na dini, uwaulize safu hizo zinafanya kazi gani, nani anaziona, na nini kitatokea jedwali likivuja wakati wa uchaguzi. Kwenye uhandisi wa programu, Therac-25. Kwenye akili unde, wapime mfumo wa kutambua sura kwa makundi tofauti ya rangi ya ngozi na wahesabu makosa kwa kila kundi, si wastani. Wastani huficha.

Sheria za ulinzi wa data zinaingia wapi?

Baada ya nadharia, kamwe si kabla. Wakianza na sheria, kila kesi itaishia "inaruhusiwa" au "hairuhusiwi". Wajue zilipo: Kenya sheria ya 2019, Uganda ya 2019, Rwanda ya 2021, Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Kisha wape kesi ya Worldcoin, mradi wa sarafu za kidijitali. Mwaka 2023 watu walipanga foleni Nairobi kupigwa picha ya mboni za macho na kupewa sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000 za Kenya. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data hizo za mwili zifutwe. Swali la semina: kama fomu ya idhini ingekuwa kamilifu kisheria, je, shilingi 7,000 kwa mtu aliyelala njaa ni ushawishi au ni bei?

Kesi gani nyingine za hapa kwetu zinafaa?

Zile zilizopita mahakamani, maana ukweli wake umeshapekuliwa. Huduma Namba, mpango wa Kenya wa kumsajili kila mtu na kumpa namba moja ya utambulisho, ni hazina: Januari 2020 Mahakama Kuu ya Kenya iliruhusu mpango uendelee kwa sharti la kuwa na kanuni kamili, ikakataza kukusanya vinasaba na mahali halisi mtu anapoishi. Wanubi walikuwa miongoni mwa walalamikaji, kwa hofu kwamba anayehangaika kupata kitambulisho cha kawaida atafungiwa nje ya kila kitu. Hilo ni swali la Rawls likiwa na watu halisi ndani yake. Usajili wa laini kwa alama za vidole Tanzania, ulioanza 2019, unafaa kwa swali la kiufundi zaidi: vidole vya mponda kokoto au mkulima wa jembe vimelika, kisomaji kinamkataa, nani alipe gharama ya kukataliwa huko? Na kesi iliyofunguliwa Nairobi mwaka 2022 dhidi ya Meta, kampuni ya Facebook, na Sama, kampuni iliyoifanyia kazi hiyo, kuhusu hali ya kazi ya wachujaji wa maudhui inafaa kwa utu na kujali pamoja.

Epuka kesi ya chuo chako mwenyewe, hata kama kila mtu anaijua.

Tusahihisheje?

Kwa alama 20: ukweli wa kesi na kinachokosekana, 4, wahusika, pamoja na wasioonekana, 4, maswali yanayotokana na nadharia mbili, 6, mahali nadharia hizo zinapogongana, 4, uamuzi wa kiufundi na gharama yake, 2. Uamuzi umepewa 2 makusudi. Ukipewa 10, insha zote zitakuwa uamuzi.

Maswali ya kuchagua jibu yafae kwa maneno na majina tu, yasizidi robo ya mtihani.

Insha zinaandikwa na akili unde. Tutajuaje?

Hutajua kwa uhakika, na programu za kukamata udanganyifu huo huwatuhumu wasio na hatia. Badilisha kazi. Mahojiano ya mtu mmojammoja kwa dakika nne, wanafunzi 168, ni zaidi ya saa 11. Ya kundi kwa dakika nane ni chini ya saa nne. Fanya ya kundi, wewe ukichagua nani ajibu, na badilisha ukweli mmoja wa kesi papo hapo: "Mkopaji ana miaka 16. Nini kinabadilika?" Aliyefikiri atajibu kwa kusitasita. Aliyekariri ataanza upya kutoka aya ya kwanza.

Kesi zibadilishwe baada ya muda gani?

Theluthi moja kila mwaka. Majibu husafiri kwenye makundi ya WhatsApp kutoka mwaka wa pili kwenda wa kwanza kabla hujachapa ratiba. Therac-25 na Huduma Namba zibaki kwa sababu zina nyaraka nyingi. Kwa hizo badilisha maswali na kadi, si kesi. Ukiongeza mpya, hakikisha una hukumu, ripoti ya uchunguzi au uamuzi wa mdhibiti mkononi, usitegemee habari ya gazeti peke yake, na iandike upya wewe mwenyewe kwa Kiswahili ndani ya maneno 400.